Kutoka 'Sauti ya Mnyonge' hadi 'One World': Albamu Mbili za Remmy Ongala na Suala la Hadhira

1.0 Utangulizi

Katika historia ya sanaa za Afrika Mashariki yapo matukio ambayo wahakiki wa fasihi wameyaachia waandishi wa magazeti, kana kwamba wimbo wa dansi ukishapigwa ukumbini na watu wakaucheza hauna tena la kumwambia mhakiki. Mojawapo ya matukio hayo ni lile la Remmy Ongala na bendi yake ya Orchestre Super Matimila, waliotoa albamu mbili chini ya lebo moja ya Uingereza, Real World: Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Albamu ya kwanza ilipokewa kama ushahidi kwamba muziki wa dansi wa Dar es Salaam unaweza kusimama popote duniani bila kujibadili. Ya pili, iliyokuwa na baadhi ya nyimbo za Kiingereza na sauti iliyong'arishwa zaidi, iliwavunja moyo baadhi ya wapenzi wake. Mwandishi wa makala hii alikuwa mmoja wao.

Makala hii haikusudii kurudia malalamiko hayo, wala kuyafuta. Inakusudia kuuliza yametokana na nini hasa. Je, tatizo lilikuwa lugha? Lilikuwa studio? Lilikuwa biashara? Au palikuwa na jambo jingine ambalo maneno hayo matatu yanalificha? Hoja yetu ni kwamba kilichobadilika kati ya 1989 na 1992 ni hadhira iliyomo ndani ya wimbo wenyewe, yaani yule ambaye nafsineni anamgeukia anapofungua kinywa. Mabadiliko ya lugha na ya sauti yalikuwa matokeo ya badiliko hilo. Ili kuitetea hoja hii tutapitia historia ya bendi, tutazilinganisha albamu hizo mbili, kisha tutazipima kwa mgeuko mwingine wa miaka ile ile ambao wasomaji wa jarida hili wanaufahamu vizuri zaidi, ule wa Euphrase Kezilahabi. Mwishowe tutarudi mahali ambapo mwandishi alizisikia nyimbo hizi kwa mara ya kwanza, yaani Biliqo katika Isiolo, kwa sababu tunaamini kwamba msikilizaji wa pembezoni huona mambo ambayo msikilizaji wa mjini huyapita.

2.0 Usuli: Bendi Isiyo na Mwajiri

Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, bendi iliyoongozwa na mjomba wake, Mzee Makassy. Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alijiunga na Matimila, ambayo baadaye ilijulikana kama Super Matimila. Mtindo wake aliuita 'Bongo Beat'. Jina hilo linastahili kuangaliwa, kwani lina neno moja la Kiswahili cha mitaani na jingine la Kiingereza. Kwa hiyo hata kabla ya Ulaya kumfahamu, Remmy hakuwa mtu wa lugha moja. Kiswahili chenyewe alikuja nacho kutoka Kongo, na kilibaki na lafudhi yake mpaka mwisho wa maisha yake.

Ili kuielewa nafasi ya Super Matimila, hatuna budi kukumbuka mfumo uliotawala muziki wa dansi Tanzania baada ya Uhuru. Bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi za umma. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na ilibadilika jina kila chama hicho kilipobadilika: ikawa JUWATA, kisha OTTU. Jeshi la Polisi lilikuwa na bendi yake, na Jeshi la Kujenga Taifa vivyo hivyo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Wanamuziki wa bendi hizi walikuwa waajiriwa: walipokea mshahara, walipiga vyombo vya mwajiri, na mara kwa mara walitarajiwa kuimba sera za mwajiri.

Super Matimila haikuwa na mwajiri wa namna hiyo. Ilitegemea viingilio vya milangoni na watu waliokuja kucheza. Uhuru huo ulikuwa na gharama, lakini ndio uliompa Remmy nafasi ya kuimba juu ya umaskini, unyonge na kifo kwa sauti ambayo haikuwa ya chama wala ya shirika. Katika miaka ya marekebisho ya uchumi, baada ya Mwalimu Nyerere kung'atuka mwaka 1985, sauti hiyo ilipata wasikilizaji wengi. Sehemu ya Sinza aliyoishi mpaka leo inaitwa 'Sinza kwa Remmy', na abiria wanaoshuka hapo hutaja jina lake bila hata kulifikiria. Si wasanii wengi waliopewa kumbukumbu ya namna hiyo na watu wenyewe.

Jambo jingine la msingi ni uchumi wa kurekodi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikapigwa hewani kwa miaka mingi, na wanamuziki wakaambulia kidogo. Waliotaka santuri walikwenda Nairobi. Makassy wenyewe walipata kutoa albamu, Agwaya, kupitia kampuni ya Virgin ya Uingereza mwaka 1982. Kwa hiyo mlango wa Ulaya ulipofunguka kwa Super Matimila, haukuwa anasa. Kwa bendi isiyo na mwajiri na isiyo na soko la santuri nyumbani, ulikuwa karibu mlango pekee.

Mlango huo ulifunguliwa na tamasha la WOMAD, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1982 na Peter Gabriel pamoja na wenzake. Super Matimila walizuru Ulaya na tamasha hilo mwaka 1988, na mwaka huo huo mkusanyiko wa nyimbo zao ulitolewa kwa jina la Nalilia Mwana. Gabriel alipoanzisha lebo ya Real World mwaka 1989, Remmy alikuwa miongoni mwa wasanii wa mwanzo kabisa kutoa albamu chini yake.

3.0 Albamu ya 1989: Mnyonge Akisema na Wanyonge Wenzake

Songs for the Poor Man ina jina la Kiingereza, lakini majina ya nyimbo zake yanaonyesha dunia nyingine: 'Nasikitika', 'Kipenda Roho', 'Sauti ya Mnyonge', 'Muziki Asili Yake Wapi'. Mhakiki akiyatazama majina haya peke yake, tayari ana la kusema. La kwanza ni kitenzi cha nafsi ya kwanza kisicho na maelezo: mtu anasikitika, na anayemsikiliza anatarajiwa kujua kwamba masikitiko hayahitaji utangulizi. La pili ni kipande cha methali, ambacho msikilizaji anapaswa kukikamilisha mwenyewe kichwani. La tatu linataja tabaka bila kulieleza. La nne ni swali.

Mbinu hizi nne, yaani kauli isiyo na utangulizi, methali iliyokatwa, tabaka lisiloelezwa na swali lisilojibiwa, zina sifa moja ya pamoja. Zote zinamchukulia msikilizaji kuwa mtu wa ndani. Methali haikatwi mbele ya mgeni, kwani mgeni hatajua ilivyomalizika. Mnyonge haelezwi mbele ya wanyonge. Katika istilahi za uhakiki wetu tungesema kwamba fani ya nyimbo hizi imejengwa juu ya maarifa ambayo fanani na hadhira wanayo kwa pamoja, na kwamba maudhui yake hayawezi kutenganishwa na ushirika huo.

Muziki nao ulifuata mantiki hiyo. Wimbo wa dansi wa Dar es Salaam wa kipindi hicho ulikuwa na sehemu mbili: sehemu ya taratibu yenye maneno, ambapo watu husikiliza na kutafakari, na chemko, ambapo magitaa huingiliana na watu hucheza. Mfuatano huu ni hoja kamili. Kwanza tunaambiwa tatizo, kisha tunacheza tukiwa nalo. Anayeijia chemko bila kuyapitia maneno anapata furaha isiyo na mzigo. Aliyeyapitia maneno anacheza akiwa na mzigo wake mgongoni, na huo ndio uchezaji ambao Remmy aliujua.

Ni muhimu hapa tusijidanganye. Albamu hii ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya na Marekani, na jina lake liliwauzia unyonge watu ambao wengi wao hawakuwa wanyonge. Werner Graebner, katika makala yake ya mwaka 1997 juu ya nyimbo za Remmy, aliliweka swali wazi tangu kwenye kichwa cha makala: muziki huu ni wa nani? Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba albamu ya kwanza ilikuwa ya nyumbani na ya pili ya ugenini. Zote mbili zilitoka kwenye lebo moja na zilikusudiwa rafu zile zile za maduka. Anayetaka kueleza tofauti yake kwa neno 'biashara' anapaswa kwanza kueleza kwa nini biashara ile ile haikuiharibu albamu ya kwanza.

4.0 Mambo: Nini Kilibadilika?

Albamu ya 1992 haikuacha Kiswahili. Nyimbo kama 'Dodoma' na 'Kidogo Kidogo' zimo, na jina lenyewe la albamu ni neno la Kiswahili linalojulikana hata na mtalii wa siku moja. Pengine hapo ndipo palipo na dalili ya kwanza. Mambo ni neno zuri, lakini likisimama peke yake halimdai msikilizaji chochote. Kando yake zimo nyimbo zenye majina ya Kiingereza: 'One World', 'No Money, No Life', 'I Want to Go Home'.

Tukiyalinganisha majina haya na yale ya 1989 tunaona jambo ambalo si la lugha tu. 'Sauti ya Mnyonge' ni sauti ya mtu fulani mahali fulani. 'One World' ni dunia nzima, na dunia nzima haina mtaa. Dhana ya dunia moja inaweza kuwa ya kweli na ya heri, lakini msemaji wake anasimama mbali kiasi cha kuiona dunia kama mpira. Mnyonge haioni dunia hivyo. Anauona mlango wa mwenye nyumba, bei ya sembe na dawa zilizokwisha zahanati. Kwa maneno mengine, nafsineni wa albamu ya pili, katika nyimbo hizo, amehama kutoka ndani ya umati na kupanda jukwaani, na kutoka jukwaani anawahutubia watu wengine juu ya umati ule.

Sauti ya muziki inaonyesha uhamaji huo huo. Katika albamu ya pili kila chombo kimewekwa mahali pake, sauti ya mwimbaji imeinuliwa juu ya vyombo, na ule msongamano wa magitaa ambao ukumbini humfanya mtu asijue linapoishia moja na linapoanzia jingine umepunguzwa. Kifundi hii ni kazi safi. Lakini msongamano ule haukuwa kosa la ufundi. Ulikuwa ndio sura ya umati katika sauti. Ulipopangwa, umati ulitawanywa.

Inafaa sasa tutaje wimbo ambao haumo katika mjadala wa albamu hizi mbili mara nyingi, ingawa ulitokea katikati yake. Mwaka 1990 Remmy alitunga 'Mambo kwa Soksi', wimbo wa kuhimiza matumizi ya kondomu wakati ukimwi ulipokuwa ukiteketeza watu na wakubwa wengi wakiona haya kuutaja. Radio Tanzania haikuupiga. Ulienea kwenye kumbi na kwenye kanda. Nguvu yake yote ya kifani imo katika tafsida moja: soksi. Neno hilo linamruhusu baba kucheka mbele ya mwanawe, na mwanawe kuelewa bila kuulizwa kama ameelewa. Ni tafsida ambayo haina maana yoyote kwa asiyekuwa wa jamii hiyo ya maneno.

Kwa hiyo katika kipindi cha miaka miwili hivi tuna msanii yule yule akiimba nyumbani wimbo uliohitaji ujasiri mkubwa, kwa neno dogo la nyumbani, na akiimba ugenini nyimbo zisizohitaji ujasiri wowote, kwa maneno makubwa ya dunia. Hii ndiyo sababu hatuwezi kukubali maelezo ya kwamba Remmy 'aliishiwa'. Hakuishiwa. Alikuwa na hadhira mbili, na alianza kumwimbia kila mmoja wimbo wake. Mwaka 1989 alikuwa bado akiwaimbia wa nyumbani, na wa ugenini wakaruhusiwa kusikiliza. Mwaka 1992 wa ugenini walipewa nyimbo zao wenyewe. Cha ajabu ni kwamba walichokuwa wamekipenda ni ile ruhusa ya kusikiliza.

5.0 Migeuko Mingine ya Miaka Ile

Msomaji anaweza kuuliza kama hatumwonei msanii kwa kumnyima haki ya kubadilika. Swali hili ni la haki, na historia ya fasihi yetu inatuonya tulichukulie kwa uzito. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wapo waliosema kwamba yale si mashairi kwa kuwa hayakuwa na vina na mizani. Leo hatuwezi kuandika historia ya ushairi wa Kiswahili bila kitabu hicho. Mwandishi huyo huyo, aliyejulikana kwa uhalisia wa Rosa Mistika (1971) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975), alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya fupi za kindoto ambazo zilimwacha msomaji wa kawaida nje ya mlango. Wako walimu waliovunjika moyo na wanafunzi waliofunga kitabu. Miaka ni ile ile ya Mambo. Kwa nini basi tunamsamehe Kezilahabi na tunamshitaki Remmy?

Jibu rahisi ni kwamba Kezilahabi hakuacha Kiswahili. Jibu hilo halitoshi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliacha Kiingereza na kugeukia Kigikuyu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na tunamsifu kwa sababu ya upande aliouelekea. Lakini upande peke yake si kipimo cha sanaa. Kwa upande mwingine, wimbo 'Jambo Bwana' wa Teddy Kalanda Harrison na Them Mushrooms wa mwaka 1982 umeimbwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na bado nafsineni wake anamgeukia mgeni wa hoteli na kumkaribisha. Kiswahili chake kimerahisishwa ili mgeni aweze kukiimba. Hatusemi kwamba wimbo huo ni mbaya. Kazi yake ni kukaribisha, nao unakaribisha. Tunasema tu kwamba unathibitisha kuwa lugha na hadhira ni mambo mawili. Mtu anaweza kumwimbia mgeni kwa Kiswahili, na anaweza, kwa nadharia, kuwaimbia wenyeji kwa Kiingereza.

Tofauti ya Kezilahabi na Remmy, kwa maoni yetu, iko hapa. Nagona ilimdai msomaji zaidi kuliko Rosa Mistika. Ilimwambia: nimekwenda mbali, nifuate. 'One World' ilimdai msikilizaji kidogo kuliko 'Sauti ya Mnyonge'. Ilimwambia: kaa ulipo, nimekuja. Migeuko yote miwili iliwapoteza baadhi ya watu, lakini wa kwanza uliwapoteza kwa kuwaamini mno, na wa pili kwa kutowaamini vya kutosha. Kuvunjika moyo kwa msomaji wa Nagona kunaweza kuponywa kwa kusoma tena. Mwandishi wa makala hii amesikiliza 'One World' mara nyingi, na hakuponywa.

Kuna kinaya kingine cha kihistoria ambacho hatupaswi kukipita. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, kijana wa Dar es Salaam, Saleh Jabir, alijipatia jina kwa kuuchukua wimbo wa kufoka wa Kimarekani, 'Ice Ice Baby', na kuutilia maneno ya Kiswahili. Hivyo mkongwe alikuwa akitoka Kiswahili kwenda Kiingereza wakati kijana alipokuwa akitoka Kiingereza kuja Kiswahili, na wote wawili walikuwa katika mji mmoja. Kuja kwa redio za binafsi katikati ya muongo huo kuliipa njia ya kijana nguvu. Muziki uliokuja kuitwa Bongo Fleva ulichukua nusu ya jina la mtindo wa Remmy, na ukaienea Afrika Mashariki yote kwa Kiswahili. Dunia ambayo Remmy aliitafuta kwa Kiingereza ilikuja kufikiwa na wajukuu zake kwa lugha ambayo yeye alikuwa amekwisha kuimudu.

6.0 Biliqo: Kiswahili cha Nani?

Mpaka hapa tumezungumza juu ya hadhira kama dhana. Sasa tuizungumzie kama watu. Biliqo ni kijiji cha wafugaji wa Kiborana katika Isiolo, upande wa Merti, si mbali na Mto Ewaso Nyiro. Lugha ya nyumbani ni Kiborana. Mwandishi wa makala hii, akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, alizisikia nyimbo za Remmy hapo kutoka katika redio-kaseti ya duka, kwa kanda isiyo na jalada iliyoletwa na lori kutoka mjini Isiolo. Hapakuwa na aliyejua jina la albamu. Tulijua sauti tu.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hilo, lazima akumbuke Kiswahili kilikuja kwetu kwa njia gani. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, Waborana wa Isiolo walikusanywa katika kambi, mojawapo ikiwa Merti, na mifugo mingi iliangamia. Sheria za hali ya hatari katika wilaya za kaskazini hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kwa wazee wetu, kwa hiyo, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya karani: lugha ya kuulizwa kitambulisho, ya kuamriwa kukaa chini, ya baraza ambalo mtu huhudhuria ili asikike amehudhuria. Shuleni kilikuwa lugha ya ngeli na methali za kujaza mapengo. Hatukuwa tumewahi kukisikia kikilia.

Kanda ile ndiyo iliyotuonyesha kwamba Kiswahili nacho kina wanyonge wake. Hili halikuwa jambo dogo. Mtoto aliyekijua Kiswahili kama lugha ya mwenye bunduki alisikia kwa mara ya kwanza mtu akikitumia kusema kwamba hana kitu. Tena mtu huyo, kama tulivyokuja kujua baadaye, hakuwa mwenyeji wa lugha hiyo zaidi yetu kwa kiasi kikubwa, bali mhamiaji aliyekuja nayo kutoka mbali, na lafudhi yake ilimtambulisha kama zetu zinavyotutambulisha. Kama mtu huyo ameruhusiwa kulia kwa Kiswahili, basi na sisi tuliruhusiwa.

Kuna jambo jingine ambalo lilituandaa kuzielewa nyimbo hizo. Waborana huimba wanaponywesha mifugo visimani. Wanaume hupanga mstari kutoka chini kisimani hadi juu, ndoo hupita mkono kwa mkono, mmoja huongoza na wengine huitikia. Wimbo huo huwaimbia walio kazini na ng'ombe walio na kiu. Mpita njia anaweza kusimama na kuusikiliza, na mara nyingi husimama. Lakini mwimbaji akigeuka kumwimbia mpita njia, ndoo itakatika mwendo wake. Hatukuhitaji nadharia ya upokezi kulijua hilo.

Miaka mingi baadaye, akiwa mwanafunzi wa uzamili, mwandishi aliipata albamu ya Mambo na kuisikiliza mwanzo hadi mwisho. Alipofika 'One World' alihisi kwamba mwimbaji amegeuka kumwimbia mpita njia. Na kwa kuwa kiwango hiki cha ukweli ndicho tunachowadai wanafunzi wetu, hatuna budi kuongeza kwamba kwa muda mrefu tumekuwa tukizifundisha nyimbo za albamu ya kwanza na kuinyamazia ya pili, kama mtu anayeficha aibu ya ndugu. Ukimya huo ulikuwa kosa la kiuhakiki. Mwanafunzi anayepewa 'Sauti ya Mnyonge' peke yake anapewa mtakatifu. Mwanafunzi anayepewa albamu zote mbili pamoja na 'Mambo kwa Soksi' katikati yake anapewa historia.

7.0 Hitimisho

Remmy Ongala alipata kiharusi mwaka 2001. Katika miaka yake ya mwisho aligeukia nyimbo za injili, mgeuko mwingine uliowashangaza wengi, na akafariki jijini Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Hatuwezi kumwuliza tena alimwimbia nani mwaka 1992. Tunachoweza ni kuyasoma aliyoyaacha.

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuvunjika moyo na albamu ya pili hakuelezeki kwa biashara, kwa kuwa biashara ilikuwapo tangu albamu ya kwanza. Wala kwa lugha peke yake, kwa kuwa Kiswahili pia kinaweza kumwimbia mgeni. Wala kwa uchovu wa msanii, kwa kuwa kati ya albamu hizo mbili alitunga mmoja wa nyimbo zake zenye ujasiri mkubwa. Kunaelezeka kwa kuhama kwa nafsineni kutoka miongoni mwa watu wake hadi mbele ya watu wengine. Tumeonyesha pia kwamba uhamaji huo ulikuwa na sababu za kweli. Bendi isiyo na mwajiri, katika nchi isiyo na soko la santuri, ilipewa mlango mmoja, ikaingia. Anayemlaumu kwa kuingia aonyeshe kwanza mlango mwingine uliokuwa wazi.

Kwa wahakiki wa Kiswahili funzo ni kwamba istilahi zetu za fani na maudhui, pamoja na manufaa yake yote, hazitatosha kuyaeleza mabadiliko ya namna hii mpaka tuulize kila mara: nani anaambiwa? Swali hilo linapaswa kuulizwa kwa wimbo, kwa riwaya, na hata kwa makala za majarida kama hili. Wapo wasomaji wa Kiswahili huko Biliqo na katika vijiji vingi vya namna hiyo, ambao lugha hii waliipata kwa njia ngumu, na ambao huandikiwa mara chache sana. Tukiandika kana kwamba hawapo, nasi tutakuwa tumegeuka kumwimbia mpita njia.